Kadi ya mtandao inapofundishwa kulala

NA MWANDISHI WETU WA KIKANDA

Umeme ulikatika saa mbili na robo usiku. Nilikuwa katika nyumba ya wageni upande wa Tanzania wa mpaka wa Rusumo, nikimalizia habari ya malori yaliyokuwa yakisubiri kuvuka daraja la mto Kagera kuingia Rwanda. Dada wa mapokezi alipita na tochi, chumba hadi chumba.

"Kaka, jenereta ipo, lakini mafuta yaliyomo ni ya saa moja tu. Kama una kitu cha kuchaji, kilete sasa hivi."

Nilipofika na chaja yangu, soketi zote za mapokezi zilikuwa zimeshajaa simu za madereva.

Kompyuta mpakato yangu ilikuwa imebakiwa na asilimia 31 ya chaji. Mhariri alikuwa akiisubiri habari kabla ya saa tano za Tanzania, yaani saa nne za Kigali. Nilipunguza mwanga wa kioo, nikafunga kila programu nisiyoihitaji, kisha nikafungua PowerTOP. Hii ni programu ya bure iliyotolewa na kampuni ya Intel mwaka 2007, nayo huonyesha ni nini kinachokula umeme ndani ya kompyuta inayotumia mfumo wa Linux. Katika ukurasa wake mmoja, mbele ya kila kifaa, huandika neno moja kati ya mawili ya Kiingereza: "Good" kwa kifaa kilichowekwa vizuri, au "Bad" kwa kinachopoteza umeme bure.

Mbele ya kadi ya mtandao wa waya paliandikwa "Bad".

Nikatazama ubavuni mwa kompyuta. Tundu la waya lilikuwa tupu. Intaneti niliyokuwa nikiitumia ilitoka kwenye simu yangu, bila waya wowote. Tundu lile sikuwa nimeligusa tangu niondoke Kigali siku tatu nyuma. Hata hivyo, kifaa kilichokuwa nyuma yake kilikuwa macho muda wote huo, kikinywa chaji yangu, kikimsubiri mgeni ambaye hakuwa na njia ya kufika.

Kwa nini kifaa kisicho na kazi kisilale? Na kama kinaweza kulala, ni nani wa kukipa ruhusa? Maswali hayo yalinipeleka kwenye kazi ambayo watu wachache huisikia, ingawa matunda yake yamo katika mamilioni ya kompyuta: kazi ya kuifundisha kadi ya mtandao kulala na kuamka wakati mashine nzima ikiendelea na shughuli zake.

MLANGO AMBAO MGENI HAOMBI MIADI

Kati ya kifaa na mfumo mkuu wa kompyuta kuna programu ndogo inayoitwa draiva. Kazi yake ni ukalimani. Mfumo husema "tuma ujumbe huu", nayo draiva huigeuza amri hiyo kuwa tarakimu ambazo kadi husika inazielewa. Kadi ya Realtek haisemi lugha ya kadi ya Intel, ndiyo maana kila familia ya kadi ina draiva yake. Katika Linux, kadi nyingi za waya za Realtek huendeshwa na draiva iitwayo r8169, na nyingi za Intel zilizomo kwenye kompyuta mpakato huendeshwa na e1000e.

Usingizi tunaoufahamu wengi wetu ni ule wa kufunika kompyuta. Ukiifunika, kila kitu kinazimia pamoja: kioo, diski, kadi ya mtandao. Ukiifunua, vyote vinaamka pamoja. Draiva zimeuelewa usingizi huo kwa miaka mingi.

Usingizi ninaouzungumzia hapa ni mwingine. Mashine iko macho, mwenyewe anaandika, muziki unaimba, lakini kifaa kimoja ambacho hakina kazi kinalala peke yake. Kikihitajika kinaamshwa, kinafanya kazi, kisha kinarudi kulala. Mtumiaji hapaswi kugundua lolote.

Kwa kamera jambo hili ni jepesi. Kamera haifanyi kitu mpaka programu iiombe picha. Hakuna ombi, hakuna kazi, basi ilale. Kadi ya mtandao ina shida yake, kwa sababu yenyewe ni mlango. Ujumbe unaweza kuingia wakati wowote kutoka nje, na mgeni huyo haombi miadi. Mlinzi wa mlango akilala kwa sababu tu wenye nyumba hawajatoka kwa nusu saa, mgeni atagonga, hatafunguliwa, ataondoka.

Ndiyo maana waandishi wa draiva hizi walichagua kanuni ya tahadhari. Waya ukiwa umechomekwa na upande wa pili kuna swichi au ruta iliyo hai, kadi ibaki macho. Waya ukichomolewa, au upande wa pili ukizimika, hakuna mgeni anayeweza kufika. Hapo kadi ilale. Mlinzi anaruhusiwa kulala pale tu barabara yenyewe inapokatika.

MWAKA WA NYAYA, MWAKA WA MSIMBO

Wasomaji wa ukanda huu wataukumbuka mwaka 2009. Ndio mwaka ambao nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika pwani ya Mombasa, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya intaneti yetu ilipitia setilaiti, kwa bei ambayo shule na ofisi nyingi hazikuweza kuimudu.

Mwaka huo huo, mbali na pwani yetu, kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, ilipata utaratibu mmoja wa kusimamia usingizi wa vifaa wakati mashine ikiwa kazini. Uliingia katika toleo la 2.6.32 lililotoka Desemba 2009. Mwandishi wake mkuu alikuwa Rafael J. Wysocki, mtaalamu kutoka Poland, akisaidiana kwa karibu na Alan Stern, ambaye tayari alikuwa ameshughulikia usingizi wa vifaa vya USB.

Kabla ya utaratibu huo, kila draiva iliyotaka kuokoa umeme ilijitungia njia yake. Matokeo yalikuwa vurugu: draiva moja ilikilaza kifaa huku nyingine ikidhani bado kiko macho. Utaratibu mpya uliweka lugha moja ya pamoja. Lakini lugha peke yake haitoshi. Lazima kila draiva ifundishwe kuizungumza. Mwaka 2010 Wysocki mwenyewe aliandika msimbo wa kuziingiza r8169 na e1000e katika utaratibu huo. Draiva ya igb, inayoendesha kadi za Intel zinazopatikana sana kwenye seva, ilifuata mwaka 2012.

Ukiutazama msimbo ulioongezwa, hautishi kwa urefu. Ugumu wake uko katika maswali unayolazimika kuyajibu.

WA MWISHO KUTOKA AZIME TAA

Swali la kwanza ni hili: utajuaje kwamba hakuna anayekitumia kifaa?

Jibu ni hesabu. Kila kifaa kina namba yake. Sehemu yoyote ya mfumo inayotaka kukitumia huongeza moja kwanza. Ikimaliza hupunguza moja. Namba ikifika sifuri, kifaa hakina mtumiaji na kinaweza kufikiriwa kulala. Ni kama chumba cha darasa chenye taa moja: kila anayeingia hujiandikisha mlangoni, kila anayetoka hujifuta, na wa mwisho kutoka huzima taa.

Kuna hesabu ya pili pia. Vifaa ndani ya kompyuta vimepangwa kama ukoo. Kadi ya mtandao imeunganishwa kwenye daraja la mawasiliano lililo juu yake, nalo limeunganishwa kwenye jingine, hadi kufikia kichakataji. Kanuni inasema mzazi halali mtoto akiwa macho. Kwa hiyo kadi moja isiyolala inaweza kulizuia daraja lake lisilale, na katika kompyuta nyingi hata kichakataji kikashindwa kuingia katika usingizi wake mzito. Hasara ya kifaa kimoja kukesha inaweza kuizidi hasara ya kifaa chenyewe.

Swali la pili ni namna ya kulala. Draiva lazima iwe na sehemu maalumu ya kazi hiyo. Inautangazia mfumo kwamba kadi haipo kwa sasa, inasimamisha foleni za ujumbe, inahifadhi mipangilio, kisha inaiachia kadi kengele moja tu: waya ukichomekwa, toa ishara. Baada ya hapo umeme unapunguzwa. Kadi inashuka kutoka hali iitwayo D0, ambayo ni ya kazi kamili, hadi D3, ambayo ni ya usingizi.

Swali la tatu ni namna ya kuamka. Hapa ndipo kazi ilipo. Kadi inayoamka inaweza kuwa imesahau mengi. Draiva inapaswa kuipangia upya mipangilio yake, kuikumbusha mahali pa kuweka ujumbe unaoingia, kuirudisha kwenye orodha ya kadi zilizo hai, kisha kukagua kama waya kweli upo.

Swali la nne ni muda. Waya uliolegea unaweza kupotea na kurudi mara tatu ndani ya sekunde mbili. Kadi ikilala na kuamka kila mara, itapoteza umeme mwingi kuliko itakaouokoa. Kwa hiyo e1000e, ikiona hakuna waya, hupanga kulala baada ya sekunde 5 badala ya papo hapo. Ikiona waya upo, hukataa kulala kabisa.

Na kuna jambo la mwisho ambalo ni rahisi kulisahau. Katika mpangilio wa Linux, mfumo huikabidhi draiva kadi ikiwa tayari imeshikwa isilale: namba yake imeshaongezwa moja. Draiva isiyojua lolote kuhusu usingizi huendelea na kazi zake, na kadi haitalala kamwe. Draiva inayojua huipunguza namba hiyo mwishoni mwa maandalizi yake, kana kwamba inasema, "niachieni, naweza kumsimamia huyu." Siku draiva inapoondolewa, huirudisha namba pale ilipoikuta.

USIMWAMSHE ALIYELALA

Wahenga walisema usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Waandishi wa draiva za mtandao wameuonja ukweli wa methali hiyo.

Kosa la kawaida ni kuzungumza na kadi iliyolala. Tuseme mtumiaji anafungua programu ya kuonyesha kadi imepokea jumbe ngapi. Programu inaiuliza draiva, nayo draiva, bila kuamsha wala kuongeza hesabu, inakwenda moja kwa moja kusoma namba kwenye kadi. Kadi iko usingizini na haijibu. Katika njia ya PCI, kimya hicho kwa kawaida hurudi kama tarakimu 1 tupu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa namba ya kawaida ya biti 32, hiyo ni 4,294,967,295. Kwa hiyo kadi ambayo haijapokea ujumbe hata mmoja huonekana imepokea zaidi ya bilioni 4. Na draiva nyingine zikiona jibu la namna hiyo huamua kwamba kadi imeng'olewa kwenye mashine, zikaitelekeza mpaka kompyuta iwashwe upya.

Dawa yake ni kuipitia draiva mlango kwa mlango. Kila njia ambayo mtu wa nje anaweza kupitia ili kuigusa kadi, iwe ni kuuliza takwimu, kubadilisha kasi au kusoma anwani, lazima ianze kwa kuongeza hesabu na kuamsha, na imalizike kwa kupunguza. Ukiusahau mlango mmoja, umeacha shimo. Ukiongeza na kusahau kupunguza, kadi haitalala tena. Ukipunguza mara mbili, italala mikononi mwa anayeitumia.

Kosa la pili ni baya zaidi, nalo ni mkwamo. Mwishoni mwa mwaka 2021 liliwakumba watumiaji wa draiva ya igb. Sehemu ya mtandao ya kerneli ina kufuli moja kubwa linalozuia shughuli mbili kubadilisha mipangilio ya kadi kwa wakati mmoja. Wasanifu walikuwa wamefanya jambo la busara: kabla ya kuigusa kadi, mfumo uiamshe kwanza, ili draiva zisilazimike kukumbuka kila mara. Tatizo ni kwamba mfumo ulikuwa ukiamsha huku umeshika kufuli lile, na sehemu ya kuamka ya igb nayo ilikuwa imeandikwa kulichukua kufuli lile lile kabla ya kumaliza kazi.

Picha yake ni hii. Mwenye stoo ameushika ufunguo, anamwamsha mlinzi ili wafungue pamoja. Mlinzi ameagizwa asisimame mpaka apewe ufunguo. Mwenye stoo haachii ufunguo mpaka mlinzi asimame. Watakaa hapo hadi asubuhi. Kwenye kompyuta, kila shughuli nyingine inayolihitaji kufuli hilo hujipanga nyuma yao, na mashine inaonekana imeganda. Dawa ilipatikana: njia ya kuamka ndani ya draiva iliandikwa upya isilichukue kufuli ambalo tayari limeshikwa.

Hakuna aliyekuwa mzembe katika kisa hiki. Kila upande, ukiutazama peke yake, ulikuwa sahihi. Kosa lilizaliwa pale ambapo mambo mawili sahihi yalikutana. Mtu yeyote aliyefuatilia forodha za nchi mbili zinazojaribu kuoanisha taratibu zao mpakani ataielewa hali hiyo bila kuhitaji shahada ya kompyuta.

NANI AAMUE

Kwa sababu ya hatari hizo, Linux haivilazi vifaa vya PCI bila kuambiwa. Kwa kila kifaa kuna faili dogo lenye neno moja. Likiwa "on", kifaa kibaki macho daima. Likiwa "auto", draiva iruhusiwe kukilaza. Kwa vifaa vingi vya PCI neno la kuanzia ni "on". Draiva inaweza kuwa na ujuzi wote wa kulala, lakini mwenye mashine asipobadilisha neno hilo, ujuzi huo unabaki kabatini.

Sababu yake inaeleweka. Draiva moja hukutana na mashine za aina nyingi, na baadhi ya bodi zina kengele ya kuamsha isiyounganishwa vizuri. Kwenye mashine kama hiyo kadi italala na haitasikia waya ukichomekwa. Mtu aliyepoteza nusu wati hatalalamika. Mtu aliyepoteza mtandao katikati ya mtihani au ya malipo atalalamika, na atakuwa na haki.

Hapo ndipo palipo na mvutano wa kweli wa suala hili. Anayeandika draiva anaogopa kuvunja mtandao wa mtu asiyemjua. Mwenye mashine hajui kwamba kuna neno la kubadilisha. Baina ya hofu ya mmoja na kutojua kwa mwingine, umeme unaendelea kumwagika kidogo kidogo, na hakuna anayeuona.

HESABU YA NUSU WATI

Je, ni umeme kiasi gani? Kiasi hutofautiana baina ya mashine na mashine, lakini tufanye hesabu ya mfano. Tuchukue kompyuta mpakato yenye betri ya wati-saa 50, inayotumia wati 8 mtu akiwa anaandika. Itadumu saa 6 na dakika 15. Tukiokoa nusu wati tu kwa kukilaza kifaa kisichotumika, matumizi yanashuka hadi wati 7.5, na betri inadumu saa 6 na dakika 40. Ni dakika 25 za ziada, bila kununua chochote.

Sasa tuipeleke hesabu hiyo kwenye darasa linalotegemea sola, lenye kompyuta mpakato 30 zinazotumia mtandao usio na waya. Nusu wati mara 30 ni wati 15. Kwa saa 8 za masomo, hizo ni wati-saa 120. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ambayo mafundi wetu wengi wa sola wanaifahamu, hubeba wati-saa 1,200. Kwa maneno mengine, sehemu ya kumi ya betri nzima inaweza kuishia kwenye matundu ya waya ambayo hakuna mwanafunzi anayeyatumia.

Ni vyema tusitie chumvi. Kwenye seva yenye waya uliochomekwa na kazi isiyokoma, utaratibu huu hauokoi kitu, kwa kuwa kadi haipati nafasi ya kulala. Kwa hali hiyo kuna njia nyingine, kiwango cha IEEE 802.3az cha mwaka 2010, kinachoiruhusu kadi kupunguza matumizi katika vipindi vifupi ambavyo hakuna kinachopita kwenye waya. Na kompyuta ya mezani isiyo na betri itaokoa senti chache tu kwenye luku. Faida kubwa iko kwa anayeishi kwa betri, na katika ukanda wetu watu hao ni wengi.

KAZI ILIYOBAKI KWETU

Msomaji anaweza kuuliza: sisi watu wa Afrika Mashariki tunahusikaje na msimbo ulioandikwa Ulaya na Marekani? Tunahusika kwa njia tatu.

Kwanza, tayari tunautumia. Simu za Android zimejengwa juu ya kerneli ya Linux, na utaratibu huu wa usingizi ni sehemu ya kerneli hiyo. Ruta nyingi za nyumbani na seva nyingi zinazobeba huduma zetu nazo ziko hivyo hivyo.

Pili, msimbo wake uko wazi. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha Makerere, Nairobi au Dar es Salaam anaweza kuifungua draiva ya r8169 leo hii, akaisoma mstari kwa mstari, akaiona sehemu ya kulala na ya kuamka. Akigundua mlango uliosahauliwa, anaweza kutuma marekebisho chini ya jina lake. Yatahojiwa, pengine yatarudishwa mara kadhaa, lakini yakikubaliwa yataingia. Toleo jipya la kerneli hutoka takriban kila wiki 9 au 10. Marekebisho yaliyoandikwa Kampala yatafika Bujumbura, Goma na Juba kwa njia ile ile yanayofika Berlin. Bidhaa hiyo haikai foleni Rusumo.

Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, hali zetu ni kipimo kizuri cha draiva. Kwenye maabara yenye umeme usiokatika, waya huchomekwa mara moja na kusahauliwa. Kwetu, swichi huzimika umeme ukikatika wakati kompyuta mpakato ikiendelea kwa betri. Kwa kadi ya mtandao, hilo ni sawa na waya kuchomolewa. Umeme ukirudi, swichi inawaka, na kadi inapaswa kuamka. Kisha umeme unakatika tena. Katika juma moja la mgao, kadi iliyopo katika ofisi ya kata inaweza kulala na kuamka mara nyingi kuliko ambavyo mjaribu wa mbali angefikiria kuijaribu. Makosa ya kuamka yanajitokeza kwetu. Yakibaki bila kuripotiwa, neno la "on" litaendelea kuwa ndiyo njia salama.

Nchi 8 za Jumuiya ya Afrika Mashariki hununua kompyuta nyingi kwa shule na ofisi za umma. Masharti ya zabuni hutaja kasi ya kichakataji na ukubwa wa diski. Yanaweza kuongeza sharti moja fupi: muuzaji aonyeshe kwamba vifaa visivyotumika vinalala mashine ikiwa kazini, na kwamba vinaamka waya unapochomekwa. Kipimo chake hakihitaji maabara. Kinahitaji waya mmoja, mtu mmoja, na subira ya sekunde chache.

Usiku ule Rusumo nilibadilisha neno kutoka "on" kwenda "auto". Nilipoitazama tena PowerTOP, mbele ya kadi ya waya paliandikwa "Good". Habari ya malori iliondoka saa nne na nusu, chaji ikiwa imebaki asilimia 6. Nusu wati peke yake haikuiokoa. Kupunguza mwanga wa kioo kulifanya kazi kubwa zaidi. Lakini ilikuwa sehemu ya hesabu.

Siku mbili baadaye nilifika ofisini Kigali, nikaketi mezani, nikachomeka waya wa mtandao. Taa ndogo iliyo kando ya tundu haikuwaka. Nikahesabu: moja, mbili. Nilianza kujuta. Nilipofika tatu, taa ya kijani ikawaka, na barua za siku mbili zikaanza kuingia.